Hoteli ya bei nafuu La Paz: uliza mita kabla hujauliza bei

Kila anayeniomba ushauri kuhusu La Paz huanza na bei ya chumba. Mimi humuuliza kwanza chumba chenyewe kiko juu kiasi gani. Mji huu wa Bolivia umejengwa ndani ya korongo, na kutoka ukingo wake wa juu mpaka mitaa ya chini ni mteremko wa zaidi ya mita 700. Uwanja wa ndege uko ukingoni, El Alto, kwenye mita 4,060 juu ya usawa wa bahari. Katikati ya mji, pale penye kanisa la San Francisco, ni kama mita 3,640. Ukiteremka kusini mpaka Calacoto unafika kwenye mita 3,300 hivi.

Aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu atanielewa mara moja. Kulala katikati ya La Paz ni karibu sawa na kulala kambi ya Horombo, iliyoko mita 3,720. Lakini Horombo unafika kwa miguu, ukiwa umeshalala kambi ya Mandara, na mbele yako yuko mwongozaji anayekukumbusha pole pole njia nzima. La Paz unaweza kuamka Santa Cruz de la Sierra, mita 400 tu juu ya usawa wa bahari, na baada ya saa moja ya ndege ukawa unavuta begi mahali ambapo kila pumzi inakupa kama asilimia 60 ya oksijeni uliyozoea Dar es Salaam au Mombasa. Mwenye muda namshauri asiruke hivyo. Apitie Cochabamba, mita 2,560, au Sucre, mita 2,800, alale huko kidogo, kisha apande basi. Mwenye haraka, basi angalau achague vizuri pa kulala, maana usiku wa kwanza na wa pili ndio unaoamua safari itakuwaje.

La Paz kadiri unavyopanda ndivyo bei inavyoshuka. Wenye uwezo wameshuka kusini kwenye joto na hewa nzito, na wa kipato cha chini wamepanda kuelekea El Alto. Kwa hiyo ukipanga orodha ya vyumba kuanzia cha bei ya chini kabisa, vingi vya mwanzo vitakuwa El Alto au kwenye miteremko ya juu upande wa makaburi makuu. Kwa aliyekwisha kuizoea hewa, ni mitaa mizuri yenye masoko makubwa. Kwa anayeshuka kwenye ndege leo, kile alichookoa kwenye chumba atakilipa kwa kichwa kinachogonga usiku kucha.

Wasafiri wengi wa mkoba mgongoni hukimbilia mtaa wa Sagárnaga na vichochoro vya Rosario, nyuma ya San Francisco. Ni eneo changamfu, gesti zimejaa, mawakala wa safari wako kila mlango. Ila barabara zake zina mwinuko mkali, na kila ukirudi chumbani unapanda. Kwa usiku wa mwanzo mimi napendelea Sopocachi. Imekaa vizuri zaidi, ina migahawa ya kawaida, ina maduka ya dawa, na kituo cha laini ya njano ya magari ya kamba, yale yanayoning'inia kwenye waya juu ya mji, kiko hapo hapo. Magari hayo ya kamba, Mi Teleférico, yalianza mwaka 2014, na kila laini ina rangi yake. Nauli ni ndogo, na yanakutoa bondeni mpaka El Alto bila wewe kupanda ngazi hata moja. Gesti iliyo karibu na kituo chake ina thamani kuliko gesti iliyo karibu na kivutio chochote. Na usiamini ramani inayokuambia kituo kiko mita 300. Uliza kama katikati kuna ngazi. La Paz mita 300 zinaweza kuwa ngazi tupu, na siku ya kwanza utazipanda kama mtu aliyebeba gunia.

Ukishaona gesti inayokufaa, waandikie kabla ya kulipa. Jambo la kwanza ni ghorofa. Hostal na alojamiento, yaani gesti za huko, nyingi za bei nafuu hazina lifti, na vyumba vinavyobaki kwa bei ya chini mara nyingi ni vya juu kabisa. Omba planta baja, yaani chini kabisa, maana wanachokiita primer piso tayari ni ngazi moja juu. Jambo la pili ni dirisha. Vyumba vingi vinatazama ua wa ndani, havipati jua, na vinabaki na baridi ya usiku mpaka mchana. Hita za chumbani ni nadra kwenye nyumba hizi. Kuanzia Juni hadi Agosti usiku hushuka karibu na nyuzi sifuri, na kinachokuokoa ni blanketi. Omba la ziada mapema jioni, kabla aliye mapokezi hajalala. Neno lake ni frazada, na sijawahi kunyimwa. Ni mazito kwelikweli, kwa hiyo panga nguo za joto mwilini na blanketi moja pungufu, kwa sababu kifua chenye uhitaji wa hewa hakipendi kulemewa.

Halafu choo. Bafu la pamoja hupunguza bei, na sehemu nyingine duniani ningekuambia lichukue bila kufikiri. Hapa fikiri. Mwili unapopanda juu ghafla hukojoa sana. Ni njia yake ya kujizoeza. Ukiwa unatumia na dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, asetazolamaidi, ambayo wengi wanaijua kama Diamox, utaamka tena na tena, na korido ya saa 9 usiku ni baridi kali. Kwa siku za mwanzo lipia chumba chenye choo chake. Dawa yenyewe usiinunue kwa kusikia. Muone daktari kabla ya safari, na mwambie kama una mzio wa dawa za salfa.

Maji ya moto nayo yana habari yake. Shawa ya kawaida ya gesti ni ile yenye kichwa cha plastiki kinachopasha maji kwa umeme papo hapo, waya zikiwa zimeingia juu ya kichwa chako. Inafanya kazi, lakini ina utaratibu. Ukifungua bomba lote, maji yanapita haraka na hayapati moto; ukilifungua kidogo, unasikia mlio mdogo, taa inafifia, na maji yanakuja ya moto. Rekebisha bomba tu. Usiguse kichwa wala waya ukiwa na maji mwilini, na ukiona waya uliochubuka au ukihisi mtekenyo kwenye bomba, toka na uombe chumba kingine.

Ninachokiogopa zaidi ni hita ya maji ya gesi, wanayoiita calefón, ikiwa imefungwa ndani ya bafu lisilo na tundu la hewa. Moto wa gesi kwenye hewa haba hutoa kaboni monoksaidi, sumu isiyo na harufu, na dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu na kizunguzungu. Ndizo dalili zile zile za mwinuko. Mtu anaweza kujilaza akidhani mwili unazoea, kumbe anapoteza maisha. Ukiona hita ya namna hiyo ndani ya bafu au chumba, kataa chumba. Na kama wewe na mwenzako mmeanza kuumwa pamoja ghafla, na mkitoka nje mnapata nafuu, msirudi ndani. Waamsheni na wengine.

Usiku wa kwanza jiandae kwa jambo linalowatisha wengi. Unapitiwa na usingizi, pumzi inazidi kuwa fupi, inasimama kabisa kwa sekunde kadhaa, kisha unashtuka ukivuta hewa kwa nguvu kama umetoka chini ya maji. Mnaolala wawili, mmoja atamsikiliza mwenzake kwa hofu. Hali hiyo ni ya kawaida kwenye mwinuko, na kwa wengi hupungua siku zinavyokwenda. Inua kichwa kwa mto wa pili, usinywe pombe, usinywe dawa za usingizi. Vidonge vya sorojchi, yaani vya ugonjwa wa mwinuko, vinavyouzwa kila duka la dawa vina aspirini na kafeini, kwa hiyo ukivimeza saa ya kulala usishangae kukesha.

Kwenye mapokezi utakuta chupa ya maji ya moto na majani ya koka, mmea ule ule unaotoa kokeini. Ni halali Bolivia, wenyeji wameyatumia kwa karne nyingi, na chai yake inatuliza tumbo na kukufanya unywe maji, jambo ambalo peke yake ni jema. Lakini haizuii ugonjwa wa mwinuko. Pia kama kazini kwako mnapimwa mkojo, iache kabisa, maana kikombe kimoja kinaweza kuonekana kwenye kipimo. Na usibebe hata paketi moja ya majani ya chai hiyo kurudi nayo. Ukifika uwanja wa ndege wa nchi nyingine, hakuna atakayetaka kusikia kwamba ulipewa hotelini.

Kula mchana, usiku kula kidogo. Wenyeji wana msemo wao kwa mgeni: tembea taratibu, kula kidogo, lala peke yako. Chakula cha mchana, almuerzo, ni supu na sahani moja kwa bei nafuu kila mtaa, na ukibahatika ni sopa de maní, supu ya karanga ambayo mtu wa kwetu ataipenda kijiko cha kwanza. Ukitaka kujipikia kwenye jiko la gesti, jua kwamba maji huchemka kwenye nyuzi 88 hivi. Yanatosha kuua vijidudu, ila maharage utayakesha. Pika mayai, pika viazi vidogo, au nenda Mercado Lanza ukanywe supu na mkate. Karatasi ya chooni tupa kwenye kikapu, usiitumbukize. Chaja yenye pini tatu za mraba haiingii kwenye soketi zao, kwa hiyo beba adapta ya pini mbili. Na ukienda wakati wa sherehe ya Gran Poder, Mei au Juni, weka nafasi mapema na usikae Rosario kama unataka kulala, maana bendi za matarumbeta hazina saa.

Sasa nataka nikae hapa kidogo, kwa sababu mambo haya hayaandikwi kwenye vitabu vya wageni kwa ajili yetu. Selimundu, yaani sikoseli, iko katika familia nyingi za Afrika Mashariki. Mwenye ugonjwa wenyewe asipande La Paz bila daktari wake kukubali waziwazi. Na hata mbebaji, yule mwenye kinasaba kimoja ambaye hajawahi kuumwa maishani, anaweza akifika juu kupata maumivu makali upande wa kushoto, chini ya mbavu, kwa sababu damu inakosa kufika kwenye bandama. Si wote hupatwa, ni wachache, lakini wengi hatujui hali zetu. Pima kabla ya kukata tiketi. Ukijua wewe ni mbebaji, mweleze daktari unakwenda mita ngapi, na ukipata maumivu hayo ukiwa kule, nenda hospitali saa hiyo hiyo na useme neno falciforme, ndiyo selimundu kwa Kihispania. Daktari wa mlimani anaweza asilifikirie mpaka wewe ulitaje.

Kwa kila mtu, kichwa kuuma kidogo na kukosa hamu ya kula ni kawaida siku ya kwanza. Kukosa pumzi ukiwa umelala tu, kikohozi chenye povu, kuyumba kama mlevi au kuchanganyikiwa si kawaida. Hayo ni maji yanayojaa kwenye mapafu au ubongo unaovimba, na yanaua. Usimwache mgonjwa alale akisubiri asubuhi. Kabla hujaweka nafasi, uliza gesti kama wana mtungi wa oksijeni. Baadhi wanao hata zile za bei ndogo. Uliza pia hospitali ya karibu ni ipi na teksi ya usiku inapatikana vipi, kisha andika majibu kwenye karatasi, si kwenye simu tu.

Usidanganyike na ramani ukadhani njia fupi ya kumshusha mgonjwa ni kwenda mji wa Coroico, kwa vile uko mita 1,700 na ni mwendo wa saa chache. Barabara hiyo kwanza hupanda mpaka La Cumbre, zaidi ya mita 4,600, ndipo inaanza kushuka. Mgonjwa apelekwe kwanza hospitali apate oksijeni, na kushuka Santa Cruz kupangwe na madaktari.