Nimerudi Nakuru: nianzie wapi kuiona upya?

SWALI: Mhariri mpendwa, nimezaliwa na kulelewa Lanet, Nakuru, na majuzi nimerejea baada ya miaka kadhaa ya masomo nchini Ujerumani, ambako nilizoea kutembelea makasri na makumbusho kila nilipopata nafasi. Sasa nikiutazama mlima wa volkeno wa Menengai naona uzuri ambao sikuwahi kuuona utotoni, ingawa Ziwa Nakuru limenisikitisha kwa uchache wa flamingo. Je, hisia hii itaisha nikishazoea? Na nianzie wapi? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Karibu nyumbani, dada. Hisia hiyo itaisha ukiiacha hivi hivi, maana macho huzoea upesi, lakini itadumu ukiitafutia maarifa. Kumbuka ulivyofanya ugenini: ulilipa kiingilio, ukasoma maelezo, ukauliza nani alijenga na kwa nini. Wengi wetu tuliokulia Nakuru hatujawahi kuupa mji wetu heshima hiyo, na ndiyo maana tunadhani uzuri uko kwa wenzetu.

Anzia Hyrax Hill, kilima chenye mabaki ya kale, ambacho kwako wewe wa Lanet ni jirani, kando ya barabara kuu ya Nairobi. Mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba pale mwaka 1937 na 1938, na mabaki yaliyofukuliwa yanaonyesha kwamba watu waliishi na kuzikana kwenye kilima hicho tangu zama za zana za mawe, hata zikaja jamii za wafugaji walioacha mashimo ya mazizi yao ambayo bado yanaonekana ardhini. Mwombe mwelekezi akupeleke penye bao lililochongwa mwambani, kisha uchuchumae ulitazame kwa karibu: safu za vishimo katika jiwe lenyewe, mahali ambapo watu waliketi wakacheza kama wazee wanavyocheza hadi leo. Mimi sijui kasri linaloweza kunigusa kuliko vishimo hivyo.

Kutoka hapo panda Menengai. Wengi huishia ukingoni, wakapiga picha na kushuka, bila kufahamu kwamba wanatazama mlima uliojiporomokea: uji wa moto uliokuwa chini yake ulipotoka kwa milipuko, paa likakosa cha kulishikilia likadidimia, na kuacha bonde lenye upana wa kilomita kumi na mbili hivi. Nenda alfajiri, kwa kuwa hewa ikiwa baridi mvuke unaofuka kutoka chini huonekana vizuri zaidi, na moto unaoutoa ndio huo wanaochimbia visima vya kuzalisha umeme. Chuma jani la kichaka cha leleshwa ulifikiche kiganjani. Harufu yake kali inayofanana na kafuri ndiyo harufu ya nyanda zetu hizi. Usiende peke yako, wala usikaribie mno ukingo wa genge.

Kuhusu ziwa, huzuni yako ninaielewa, lakini sikubaliani na wanaosema limekufa. Flamingo hula mwani mdogo sana unaostawi katika maji yenye magadi mengi. Tangu miaka ya 2010 maji yamepanda, yakameza hata lango la zamani la hifadhi na kuifisha migunga iliyokuwa ufuoni, na magadi yakapungua nguvu, hivyo ndege wakafuata chakula chao kwingine. Ziwa hili limewahi kuwa kubwa zaidi ya hapo: zamani za kale lilifika hadi kwenye kilima kile kile cha Hyrax Hill. Leo utawakuta ndege waitwao wari wakivua samaki, na vifaru wakila majani nyuma yao.

Ukitaka flamingo kwa wingi, nenda Ziwa Bogoria, kaunti ya Baringo, kwa njia ya Marigat. Kutoka Nakuru unaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Tembea hadi Loburu, ufuo wa magharibi, penye chemchemi za maji yanayochemka, na ufike mapema kabla ya jua la Baringo kuwa kali.