Wadudu rafiki katika bustani ya mboga: maswali na majibu

Maswali ya safari hii karibu yote yametoka kwa mtu wa aina moja: ana matuta machache ya mboga, amegeuza jani akakuta vidukari, wale wadudu wadogo laini wanaofyonza utomvu wa mmea, wamejazana, na sasa amesimama na bomba la dawa mkononi akisitasita. Kusita huko ni jambo jema. Nimeyapanga maswali kwa namna yanavyofuatana, si kwa namna yalivyonifikia.

Nimezungushia matuta ya kabichi maua mengi mazuri, lakini vidukari hawapungui na wadudu wanaosemekana kuwala siwaoni. Nimekosea wapi?

Yaelekea umechagua maua kwa jicho la binadamu, na mdudu ana vigezo vyake. Wengi wa wadudu wanaotusaidia huwinda wakiwa wachanga tu, na wakishakomaa huishi kwa chavua na mbochi, yaani yale maji matamu ya ndani ya ua. Mfano mzuri ni nzi wa maua, yule mwenye mistari ya manjano na nyeusi kama nyuki, ila ana mabawa mawili tu na huweza kubaki hewani mahali pamoja kana kwamba ametundikwa kwa uzi. Yeye mwenyewe hali kidukari hata mmoja. Wanaowala ni mabuu wake. Asipopata chakula chake mwenyewe karibu na kabichi zako, hana sababu ya kutaga hapo.

Mdomo wa nzi huyo ni mfupi, na wa nyigu wadogo nitakaowaeleza baadaye ni mfupi zaidi. Ua lenye koo refu kwao ni kama mtungi wenye shingo nyembamba: chakula kimo ndani, lakini hakifikiki. Maua ya mapambo yenye petali zilizorundikana safu juu ya safu yana kasoro nyingine, kwa kuwa mara nyingi stameni zake, yaani vile vijiti vinavyobeba chavua, zimegeuka kuwa petali, na chavua yenyewe haipo au ni haba. Ni karamu ya sahani tupu.

Unachohitaji ni maua madogo yaliyo wazi, na jamii ya karoti ndiyo inayoongoza. Giligilani, shamari, kotimiri, hata karoti iliyoachwa hadi ichanue, hutoa maua madogo mno yaliyopangwa kama mwavuli, ambayo mdudu wa milimita mbili anaweza kuyatembelea moja baada ya jingine bila kuhangaika. Kwa hiyo kabla ya kununua mbegu za kitu chochote, acha kung'oa giligilani inapoanza kuchanua. Haradali, figili zilizopita umri wa kuliwa, mrihani na alizeti nazo zinafaa, na kunde zina ziada yake, kwani hutoa matone ya mbochi hata nje ya ua. Panda kidogo kidogo kila baada ya wiki tatu hivi, ili pasiwepo kipindi ambacho bustani haina ua lolote lililofunguka, na uyapande kati ya matuta badala ya kuyarundika kwenye kona ya mbali, maana wale nyigu wadogo si wasafiri wa masafa marefu.

Katikati ya vidukari kwenye maharage nimekuta wadudu weusi wenye madoa ya rangi ya chungwa na miiba midogo mgongoni, kama vijimamba. Nimewaua wote. Nilifanya vyema?

La, lakini usijilaumu kupita kiasi, kwa sababu nami nimewahi kutenda kosa hilo hilo. Nilipoanza kulima niliwaponda mabuu wa namna hiyo mmoja mmoja kwa kidole gumba, nikarudi ndani nimeridhika kabisa. Siku kadhaa baadaye nilimwona mmoja niliyemsahau, ambaye alikuwa tayari amejigandisha kwenye kikonyo cha jani na kuwa bundo, yaani ile hatua ya kutulia kabla ya kuwa mdudu kamili. Mgongo wake ukapasuka, akatoka mdudu wa manjano hafifu, laini, asiye na doa hata moja. Niliporudi kumtazama saa chache baadaye, alikuwa amekolea wekundu na madoa meusi yamejitokeza: mdudu kibibi, yule yule mviringo ambaye kila mtu anamfahamu kuwa rafiki wa mkulima. Niliokuwa nikiwaponda walikuwa watoto wake, na buu mmoja wa mdudu kibibi anaweza kumaliza mamia ya vidukari kabla hajawa bundo.

Kwa hiyo jifunze sura za utotoni, kwa kuwa ndizo zinazofanya kazi. Mayai ya mdudu kibibi ni ya manjano, marefu kidogo, yamesimama wima kwa kundi chini ya jani. Buu wa nzi wa maua hana miguu wala macho, amechongoka upande wa kichwa, rangi yake ni ya kijani kibichi au ya maziwa, na ukimtazama kwa makini utamwona amemnyanyua kidukari juu huku akimfyonza hadi libaki ganda. Ukikuta mayai yaliyosimama juu ya nyuzi nyembamba kama nywele, kila yai na uzi wake, hayo ni ya mdudu mwembamba mwenye mabawa ya kijani mfano wa kimia, ambaye mabuu wake ni walafi kiasi kwamba kuyatenganisha mayai kunawapunguzia nafasi ya kulana wao kwa wao.

Tahadhari moja ni ya lazima. Wapo wadudu kibibi wachache wanaokula majani, hasa ya jamii ya maboga, biringanya, viazi na maharage. Mgongo wao haung'ai, kwa kuwa umefunikwa na vinyweleo vifupi, madoa yao huwa mengi, na mabuu wao ni wa manjano wenye miiba yenye matawi. Kipimo rahisi ni kuangalia jani: likiwa limekwanguliwa hadi kubaki kama wavu na hakuna kidukari karibu, unayemwona si rafiki, na kidole gumba kinaruhusiwa.

Baadhi ya vidukari wangu wamevimba, wamekuwa wa rangi ya kahawia kama karatasi kavu, na hawasogei. Ni ugonjwa? Je, ning'oe mche?

Usiung'oe kwa sababu hiyo. Chukua kioo cha kukuzia na utazame sehemu ya nyuma ya maganda hayo. Katika baadhi yake utaona tundu la mviringo, safi kana kwamba limetobolewa kwa sindano. Humo ametoka nyigu mdogo kuliko punje ya mtama. Mama yake alimdunga kidukari yai moja, buu akaanguliwa ndani na kumla polepole, kisha akakausha ganda na kulifanya nyumba ya kugeukia kuwa mdudu kamili. Kazi yote huchukua wiki mbili hivi, hupungua kukiwa na joto na huongezeka kukiwa na baridi. Maganda yasiyo na tundu ndiyo hazina yako, kwa kuwa nyigu wake bado hawajatoka. Ukiyang'oa majani hayo na kuyachoma, umechoma kikosi chako mwenyewe.

Vivyo hivyo ukimkuta kiwavi kwenye kabichi akiwa amezungukwa na vifuko vidogo vyeupe au vya manjano kama punje za mchele, mwache alipo. Hatakula tena kiasi cha kukuumiza, na nyigu watakaotoka kwenye vifuko hivyo wataanza kuwatafuta ndugu zake.

Situmii dawa za viwandani. Napulizia pareto na maji ya sabuni tu. Hizo za asili haziwadhuru wadudu rafiki, sivyo?

Zinawadhuru. Neno «asili» linaeleza dawa ilikotoka, halielezi inamuua nani. Pareto hutoka kwenye ua, lakini ikimgusa mdudu kibibi humwangusha kama inavyomwangusha kidukari; nafuu yake ni kwamba huvunjika upesi ikipigwa na jua. Sabuni huua kwa kugusa wadudu wenye ngozi laini ikiwa bado majimaji, na mabuu wa nzi wa maua wana ngozi laini vilevile. Mwarobaini ni mpole zaidi, kwa sababu huwapata hasa wale wanaokula mmea wenyewe. Kwa viwavi, dawa inayochagua vizuri kuliko zote ni ile ya bakteria wa *Bacillus thuringiensis*, ambayo ni lazima kiwavi aile ndipo imdhuru, kwa hiyo mdudu asiyekula jani haimdhuru.

Ubaya wa kunyunyizia ovyo hauishii kwenye vifo vya siku hiyo. Kidukari jike huzaa watoto walio hai bila kuhitaji dume, na kukiwa na joto watoto hao huanza kuzaa baada ya wiki moja au zaidi kidogo, ilhali mdudu kibibi huhitaji wiki tatu hadi nne kutoka yai hadi kukomaa. Ukiwaua wote kwa usawa, anayerudi kwanza ni adui, na safari hii hana wa kumzuia. Ndiyo maana mtu hupulizia leo, na baada ya majuma mawili akakuta hali imekuwa mbaya kuliko alivyoianza. Jambo hili limewahi kuzitikisa hata serikali. Mwaka 1986 Indonesia ilipiga marufuku aina 57 za viuatilifu katika mashamba ya mpunga, baada ya kubainika kwamba zilikuwa zikiwaangamiza buibui na wadudu wengine waliokuwa wakimdhibiti mdudu mdogo wa kahawia anayefyonza mashina ya mpunga, na hivyo kumwongeza badala ya kumpunguza.

Ikibidi upulizie, pulizia jioni nyuki na nzi wa maua wanapokuwa wametulia, lenga mche ulioshambuliwa pekee, na ugeuze majani kwanza uone ni nani wako kazini. Usipulizie maua kamwe.

Nimeona kuna wanaouza wadudu kibibi. Ninunue niwaachie bustanini?

Kwa bustani ya wazi ya mboga, ningekushauri uweke fedha zako kwenye mbegu za giligilani. Wadudu waliokomaa wakifunguliwa huwa na tabia ya kuruka na kutawanyika, nawe utakuwa umewanunulia majirani.

Sisemi kwamba kuleta wadudu hakujawahi kufaa. Kati ya 1888 na 1889 wadudu kibibi wa aina ya *Rodolia cardinalis* walipelekwa kutoka Australia hadi California kupambana na wadudu gamba waliokuwa wakiimaliza michungwa, na katika muda mfupi michungwa ikapona. Ndani ya nyumba za kioo, ambako mdudu hana pa kukimbilia, nyigu mdogo *Encarsia formosa* ametumika dhidi ya inzi weupe tangu miaka ya 1920. Lakini upo pia mfano wa *Harmonia axyridis*, mdudu kibibi wa Asia aliyepelekwa Marekani na Ulaya kwa nia njema, akaishia kuenea kupita matarajio na kuwabana wadudu kibibi wenyeji. Kazi hiyo waachiwe wataalamu wanaopima kwanza.

Sisimizi wamejaa kwenye mashina ya maharage, wanapanda na kushuka. Wanakula vidukari?

Wanawachunga. Vidukari hutoa majimaji matamu, sisimizi huyanywa, na kwa kuyalinda malisho hayo huwafukuza mabuu wa mdudu kibibi na nyigu. Wazuie sisimizi wasipande na utashangaa jinsi walinzi wengine watakavyoingia haraka. Kwa mimea iliyofungwa kwenye fito, pete ya kitu kinachonata ikizungushwa kwenye fito chini ya majani inasaidia, mradi hakuna jani linalogusa ardhi na kuwa daraja.

Jirani ananiambia nifagie bustani ibaki udongo mtupu, ati majani makavu hufuga wadudu.

Hufuga kweli, swali ni wadudu gani. Chini ya matandazo na mawe hulala mchana mbawakawa weusi wenye mbio, ambao usiku hutoka kuwinda sota, yale mafunza yanayokata miche shinani, pamoja na konokono wadogo. Buibui nao, ingawa si wadudu, hukaa humo. Weka matandazo, ila yasiguse shina la mche. Mabaki ya zao lililougua yaondoe, na mizizi ya kabichi ya msimu uliopita usiiache ikichipua ovyo kando ya kabichi mpya.

Sahani ya maji yenye vijiwe vya kutulia juu yake inasaidia wakati wa ukame. Badilisha maji kila baada ya siku mbili, la sivyo utafuga mbu.

Nisubiri kwa muda gani kabla ya kukata tamaa?

Siku saba hadi kumi kwa mimea iliyokwisha kujishikiza. Chagua majani kumi ya mimea tofauti, yageuze, uandike umeona nini, kisha uyarudie baada ya siku tatu. Ukiona maganda ya kahawia, mayai ya manjano au mabuu, endelea kusubiri hata kama vidukari bado ni wengi, kwa sababu mwindaji huja baada ya windo na huchelewa kidogo kila mara. Usipoona chochote, wapige vidukari kwa maji yenye nguvu. Wengi wanaoanguka hawarudi juu. Punguza pia mbolea yenye naitrojeni nyingi, maana majani laini yaliyojaa utomvu ndiyo wanayoyapenda.

Miche michanga ni habari nyingine, kwani haina majani ya kupoteza, hivyo ifunike kwa chandarua chepesi hadi ipate nguvu. Na kama majani ya pilipili au maboga yamejikunja huku yakiwa na mabaka ya manjano na kijani, huenda vidukari wameshaleta virusi. Mche wa namna hiyo ung'oe leo, kwa kuwa mdudu kibibi anaweza kumla kidukari, lakini hawezi kuuponya mche.