Nilianza na rimu, Kitonga ikanirudisha kwenye breki

Juzi kijana mmoja wa Arusha kaniandikia. Amepata Kombi, yaani basi dogo la Volkswagen, ya mwaka 1974, ile yenye kitanda cha kukunja, jiko la gesi na paa linaloinuka, na Desemba anataka kuipeleka familia Ziwa Nyasa. Akamalizia hivi: "Mzee, nataka niivalishe rimu za inchi 16 na tairi pana ikae kibabe. Breki nitazifanya baadaye nikijaliwa. Unanishauri rimu gani?" Picha alizonitumia ni tano. Zote za rimu.

Nilicheka, halafu kicheko kikakata. Meseji hiyo ningeweza kuiandika mimi mwenyewe mwaka 2019, neno kwa neno, pamoja na hilo "nikijaliwa".

Kombi yangu ni ya 1973. Niliinunua Morogoro kwa mwalimu mstaafu aliyekuwa anarudi kwao Ujerumani. Ilikuwa imelala chini ya mwembe miaka sita, popo wamehamia ndani, lakini bati zilikuwa nzima na makabati yote ya mbao yanafunga. Injini ni ile ya cc 1600 inayopozwa kwa upepo, nguvu za farasi 50, nikaiamsha kwa wiki mbili. Siwachoshi na habari za kabureta na nyaya, kila mwenye gari la zamani anazo za kwake. Nilipofika kwenye magurudumu ndipo akili iliponiruka.

Rimu za kiwandani ni za chuma, inchi 14. Za kwangu zilikuwa na kutu ya juujuu tu. Mtu timamu angezipiga msasa na rangi, basi. Mimi nikashuka Dar, nikazunguka kwenye maduka ya spea za mtumba mpaka nikakuta seti ya rimu za Mercedes za inchi 16, zinang'aa kama sinia la harusi. Nikaambiwa zinaingia kwenye Kombi. Na kweli zinaingia: Kombi za kuanzia toleo la 1971 zina matundu matano kwenye duara la milimita 112, sawasawa na Mercedes. Muuzaji hakunidanganya. Alichoninyima ni nusu ya pili ya habari, kwamba bolti za rimu zile ni za milimita 12 na za Kombi ni za milimita 14. Lazima matundu yatanuliwe, na hiyo ni kazi ya mashine ya kukereza, kwa vipimo. Fundi wangu alizitanua kwa drili ya mkono, kachuchumaa, sigara mdomoni. Na mimi nimesimama pembeni namsifu.

Juu yake nikavalisha tairi za mtumba, 215/70R16. Nilivyoipiga picha Kombi ile siku hiyo, mwanangu alipozaliwa sikumpiga picha nyingi kiasi hicho.

Breki nazo nilizishughulikia, kwa maana kwamba nilimuuliza fundi. Akakanyaga pedeli mara mbili, akasema, "Bosi, hizi zinashika." Akaongeza mafuta mapya kidogo juu ya yale ya zamani yaliyokuwa na rangi ya chai ya rangi. Mjadala ukaishia hapo.

Dalili zilikuwepo. Ikifika kilomita 70 kwa saa usukani unatetemeka. Nikikata kona kali, tairi za mbele zinakwaruza bodi. Nikifunga breki ghafla gari linavuta kulia. Milima iliyokuwa ikipanda na gia ya tatu sasa inadai ya pili. Yote nikayatafutia visingizio: barabara mbovu, mafuta machafu, gari la zamani lina tabia zake. Mama Neema aliuliza mara moja tu, "Hili gari mbona linatetemeka?" Nikamjibu kwa ukali kidogo. Jibu hilo najuta nalo mpaka leo.

Sasa Kitonga. Ukitoka Iringa kurudi Dar, ukishapita Ilula, barabara inatelemka kwa kujipinda, mlima upande mmoja na korongo upande mwingine, malori ya Zambia na Kongo yanapanda yakikohoa. Ilikuwa Jumatatu ya Pasaka, 2021, tunatoka harusini Mafinga. Ndani tulikuwa wanne: mimi, mke wangu, Neema na shemeji yangu. Pamoja na magunia mawili ya viazi, matenga mawili ya nyanya za Ilula, na tangi la maji nililolijaza kwa sababu nilipenda kuonyesha watu kwamba bomba linatoa maji.

Nilianza kushuka na gia ya nne, mguu kwenye breki. Kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, sawa. Kisha ikaja harufu. Shemeji akasema kuna lori linaunguza breki mahali fulani. Tukafunga vioo. Harufu ikazidi, na ndipo nilipoelewa kuwa lori lenyewe ni sisi. Nikakanyaga pedeli, ikashuka laini kama nimekanyaga sifongo, ikagota sakafuni. Nikapampu. Ikarudi kidogo, ikazama tena.

Niliingiza gia ya tatu kwa nguvu, injini ikalia kilio ambacho sijawahi kukisikia, nikangoja, nikaingiza ya pili. Handibreki ya Kombi iko chini ya dashibodi, unaivuta kuja kwako. Niliivuta kwa mikono miwili huku usukani nimeubana kwa goti. Mbele kulikuwa na kifusi cha kokoto za watengeneza barabara. Nikaikita Kombi pale. Nyanya zikamwagika zote. Neema akalia. Mama Neema hakulia wala hakusema kitu, na hakusema kitu mpaka Ruaha Mbuyuni. Wanaume mliooa mnakijua kimya cha namna hiyo.

Moshi ulikuwa unatoka kwenye magurudumu ya mbele. Utingo wa lori lililokuwa linapanda akaja mbio na dumu la maji, dereva wake akampigia kelele kutoka juu: "Usimwage! Utapasua diski!" Mzee yule alishuka, akazunguka gari langu taratibu, akatazama zile rimu, akanitazama mimi. "Mwanangu, ulipanda hapa na gia gani?" Nikasema ya pili. "Na kushuka ni hiyohiyo." Akatuambia tukae nusu saa, pedeli itarudi. Tukakaa. Ikarudi, ngumu kama mpya, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Shemeji alipiga picha ya Kombi ikiwa juu ya kokoto, nyanya zimeizunguka, akaitupa kwenye grupu la familia na maneno "Mercedes imepata ajali." Miaka imepita, na kila Krismasi kuna mtu anaikumbushia. Nimesamehe. Ila nimeandika pembeni.

Kilichotokea, nilikuja kukielewa nilipoifungua gari mwenyewe nyumbani. Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewani mwaka hadi mwaka. Mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230, lakini yakishanywa maji kiwango chake ni nyuzi 155 tu. Yangu yalikuwa na umri ambao hata yule mwalimu hakuukumbuka. Yakachemka, yakafanya mvuke ndani ya paipu, na mvuke hubanwa, haupitishi nguvu ya mguu. Ndiyo maana pedeli ilizama, na ndiyo maana ilirudi mambo yalipopoa. Kuongeza mapya juu ya ya zamani ni sawa na kumimina maziwa fresh kwenye sufuria yenye maziwa yaliyoganda.

Mpira wa breki wa mbele kulia ulikuwa mzima kwa nje, ndani umevimba. Mafuta yanaingia ukikanyaga, hayarudi vizuri ukiachia, kwa hiyo padi ile ilikuwa inasugua diski muda wote. Huko ndiko gari lilikokuwa likivuta. Nyuma kushoto silinda ilikuwa inavuja, breki shuu zimelowa, hazishiki chochote. Yaani nilishuka Kitonga na breki mbili na nusu.

Na zile rimu? Hapo ndipo inaponiuma. Tairi ya kiwandani, 185R14C, ina kipenyo kama sentimita 65. Zangu zilikuwa na 70.7. Ni ongezeko la asilimia 9 hivi, na lote linafanya kazi dhidi yako. Breki inashika katikati ya gurudumu, barabara inasukuma pembeni. Ukiipeleka pembeni mbali zaidi, breki ileile inazidiwa. Injini nayo inapoteza uwezo wa kulizuia gari mteremkoni kwa kiasi hichohicho. Na spidi inayosoma 80 ni 87. Nililipa pesa nyingi kupunguza breki ambazo tayari zilikuwa wagonjwa.

Kwa hiyo, kijana wangu wa Arusha, ushauri ndio huu: breki kwanza. Anza na vitu visivyopigwa picha. Mipira yote ya breki ibadilishe, usiitazame kwa nje ukaiamini. Mimi niliagiza Ujerumani, nikasubiri wiki saba. Masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedeli, iwe mpya. Ya Kombi yetu ina njia mbili, mbele na nyuma mbalimbali, lakini ya zamani ikivuja ndani njia mbili hazikusaidii. Silinda za nyuma mpya. Breki shuu unaweza kupeleka zikabandikwa lainingi upya na mafundi wa Gerezani, Dar, wanaifanya vizuri, mradi usimame pale. Dramu zikikerezwa, pima: zina kikomo cha upana, zikipita hapo ni chuma chakavu.

Kutoa upepo kwenye paipu za breki anzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta. Gari yangu usukani uko kulia, kwa hiyo naanza nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, namalizia mbele kulia. Shuu za nyuma zikaze kwa ile nyota ya kwenye tundu la bati mpaka gurudumu likwaruze, kisha rudisha meno machache. Watu wengi wanairuka hatua hii halafu wanailaumu masta kwa pedeli ndefu. Mafuta mapya kila miaka miwili, gari litembee lisitembee. Niliandika tarehe kwa rangi nyeupe kwenye kifuniko.

Niliongeza pia servo, kile kifaa kinachousaidia mguu kukanyaga breki, kwa sababu yangu haikutoka nayo. Ni raha ya mguu, lakini tuelewane: servo haiongezi breki, inapunguza jasho lako. Na inaishi kwa pumzi ya injini. Wewe unayezima injini mteremkoni ili uokoe petroli, ukikanyaga mara mbili tatu servo imekwisha, umebaki na mguu wako mwenyewe.

Magurudumu ni mafupi kuyaeleza. Ukitaka kubadilisha, kipenyo cha nje kibaki kilekile, na tairi iwe na ile herufi C ya gari la mizigo. Tazama namba ya uzito ubavuni: 91 maana yake kilo 615 kwa tairi, 102 ni kilo 850. Kombi ya kulala ikijaa inapita tani mbili, na uzito mwingi uko nyuma iliko injini. Tazama na tarehe, tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni mwa tairi (si ile DOT ya mafuta). Zangu za kibabe zilikuwa 0911, wiki ya 9 mwaka 2011. Nilizinunua zikiwa na miaka minane nikaziita mpya. Pale bolti inapokalia kwenye rimu napo pakague: za Kombi zina kichwa cha mviringo, rimu nyingi za dukani zinataka cha koni, na ukizichanganya zitafunga leo na kulegea Chalinze. Ukishafunga, tembea kilomita 50, simama, kaza tena.

Ndugu zangu, tunapenda muonekano. Tunapaka rangi, tunaweka taa, tunashona viti kwa ngozi, na mafuta ya breki ni ya enzi za mwenye gari wa kwanza. Familia unayoilaza ndani ya gari hilo haikuja kuangalia rimu. Nimeona Kombi moja juzi Bagamoyo, nzuri mno, mwenyewe ananionyesha friji. Nikamuuliza mipira ya breki ina miaka mingapi. Akanionyesha friji tena. Fundi akikuambia "zinashika", mwambie aifungue. Akikataa kuifungua, mpe nauli ya daladala aende. Nimesema hivi nyumbani mpaka wanangu wanaimaliza sentensi kabla yangu, na bado nitasema.

Wiki tatu zilizopita nilishuka Kitonga tena, mara ya kwanza na familia tangu Pasaka ile. Rimu za chuma inchi 14, rangi ya krimu, 185R14C mpya. Gia ya pili kuanzia juu, breki naigusa kidogo naachia, malori yananipita yakipiga honi, mimi niko kwenye 30 zangu. Chini nikasimama, nikaweka kiganja karibu na kila gurudumu. Yalikuwa na joto la kawaida. Shemeji alikuwepo. Nilimwambia apige picha aitume kwenye grupu, akasema chaji imeisha.

Mama Neema alinunua nyanya safari hii pia. Akalikamata tenga kwa mkono mpaka tulipofika chini, lakini alikuwa anaongea.

Rimu za Mercedes bado ziko stoo, zote nne, matundu yamepanuka. Mwenye bustani anayetaka kuzipandia maua aje, bei tutaelewana.