Maswali Yenu: Kikokotoo Kinasema 3.74, Mwalimu Anasema 4.18

SWALI: Nasoma takwimu za mwanzo na mwalimu wa mtandaoni, mara mbili kwa wiki. Alinituma mwaloni Kibirizi niulize mitumbwi 5 imeleta ndoo ngapi za dagaa. Nikapata 4, 6, 7, 8 na 15. Kikokotoo kikanipa mkengeuko sanifu (kipimo cha namba zilivyotawanyika kuzunguka wastani) wa 3.74, yeye akapata 4.18. Nilipouliza sababu akajibu, "Ndiyo kanuni." Nani kakosea? Halafu, mbona akieleza naelewa, nikibaki peke yangu nakwama?
Msomaji, Ujiji

JIBU: Hesabu zenu zote ni sahihi, ila mmegawa kwa namba tofauti. Jumla ya ndoo ni 40, wastani 8. Kila mtumbwi ukiutoa wastani unapata −4, −2, −1, 0 na 7. Vipeo vyake vya pili ni 16, 4, 1, 0 na 49, jumla 70. Kikokotoo kimegawa kwa 5, ikatoka 14, na kipeuo chake cha pili ni 3.74. Mwalimu kagawa kwa 4, ikatoka 17.5, kipeuo 4.18. Vikokotoo vingi vya sayansi vinatoa majibu yote mawili: lenye alama ya σ limegawa kwa 5, lenye s limegawa kwa 4.

Kwa nini 4? Ifunike ile 7 kwa kidole. Tofauti na wastani zikijumlishwa lazima zitoe sifuri. Nne zilizobaki zinatoa −7, basi iliyofunikwa haina hiari, ni 7 tu. Kwa hiyo tofauti zilizo huru ni 4. Tena wastani wenyewe umetoka kwenye mitumbwi hii hii, kwa hiyo uko karibu nayo kuliko ulivyo wastani wa mwalo mzima. Ukigawa kwa 5, mtawanyiko wa mwalo kwa kawaida utaonekana mdogo kuliko ulivyo. Kama unaizungumzia mitumbwi hiyo 5 peke yake, 5 ni sawa. Kama ni sampuli ya mwalo, gawa kwa 4. Mwalimu alipaswa kukuuliza hilo kabla hujashika kikokotoo, na "ndiyo kanuni" si maelezo. Mwombe akuoneshe kwa namba hizi hizi; akishindwa, tafuta mwingine.

(Uliichaguaje mitumbwi hiyo? Kama ni 5 ya kwanza kufika, huenda ni iliyojaza mapema au iliyokosa kabisa. Kasoro hiyo hairekebishwi na kanuni yoyote.)

Kuhusu kukwama: unamtazama mwalimu akikokotoa, na kutazama hakukupi mazoezi ya kuamua hatua inayofuata. Mpigie picha kazi yako ya mkono, pamoja na ulizokosea, umtumie kabla ya kipindi. Dakika 10 za mwanzo ukokotoe wewe, yeye anyamaze. Bando likiwa dogo au mtandao ukisuasua, zima kamera zote mbili, bakisheni sauti na ubao wa mtandaoni. Baada ya siku mbili rudia swali lile lile kwa namba nyingine, bila daftari.

SWALI: Katika ndoo 10 za asali, 3 zimetiwa maji. Nikichukua 2 bila kuonja, uwezekano wa kupata angalau moja mbovu si 3/10 + 3/10, yaani 0.6? Mwalimu kanikatalia.
Msomaji, Tabora mjini

JIBU: Kakukatalia kwa haki. Jaribu njia yako kwa ndoo 4: utapata 12/10, na uwezekano hauvuki 1. Kosa ni kwamba pale zote mbili zinapokuwa mbovu umehesabu mara mbili. Uwezekano wa hali hiyo ni 3/10 × 2/9, yaani 6/90. Ukiupunguza kwenye 54/90 unabaki na 48/90, kama 0.53.

Njia fupi ni kuanzia upande wa pili: zote mbili ziwe nzima. Ya kwanza 7/10. Ya pili ni 6/9, kwa sababu zimebaki ndoo 9 na nzima ni 6. Hapa wengi huandika tena 7/10, kana kwamba ndoo ya kwanza imerudishwa. Zidisha upate 42/90, kisha toa kwenye 1. Inarudi 48/90 ile ile. Kila unapokutana na maneno "angalau moja", anza na "hakuna hata moja", halafu hakiki kwa njia ndefu kabla ya kumtumia mwalimu.