Baltoro si Kilimanjaro iliyorefushwa

Maswali ya wasomaji kuhusu milima. Anayejibu ni mwongoza watalii wa Marangu.

Shikamoo mzee. Nina miaka 46, ni mhasibu. Mwaka juzi nilifika Uhuru kwa njia ya Machame, nikaumwa kichwa kidogo tu. Sasa rafiki zangu wananivuta kwenye safari ya wiki tatu kaskazini mwa Pakistani: kutembea juu ya barafu ya Baltoro hadi Concordia, kuona kambi ya chini ya mlima K2, kisha kuvuka pito la mlimani la Gondogoro La na kushukia kijiji cha Hushe. Wakala anasema aliyefika Uhuru hana cha kuogopa. Ni kweli?
*Mhasibu wa Mbezi, Dar es Salaam*

Marahaba, mwanangu. Wakala amekupa nusu ya jibu, ile nusu inayouza.

Kwa kimo peke yake hajakudanganya. Uhuru ni mita 5,895. Gondogoro La, ambayo ndiyo sehemu ya juu kabisa ya safari yenu, iko karibu na mita 5,600. Tena kule mnapanda polepole kuliko mlivyopanda Machame. Mnaanzia Askole, kijiji cha mwisho, kwenye mita 3,000 hivi. Mnalala Paiju kwenye 3,400, Urdukas kwenye 4,000, Goro ya Pili kwenye 4,300, halafu Concordia kwenye 4,600. Mwili unapata muda wa kuzoea. Linganisha na kambi yetu ya Barafu, unafika mchana na usiku uleule unaamshwa uende kileleni.

Shida iko kwenye kushuka. Mgeni wangu akianza kuyumba pale Stella Point, namshika mkono, tunateremka kwenye ule mchanga wa kokoto, na saa chache baadaye yuko mita elfu mbili chini anaomba supu. Kilimanjaro inakupanda kichwani haraka na inakuachia haraka. Baltoro ina urefu wa kilomita 63 hivi na imelala. Ukiugua Concordia, siku nzima ya kutembea inakushusha mita mia tatu tu mpaka Goro ya Pili, na siku ya pili yake ndiyo unagusa Urdukas, bado uko mita 4,000. Mtu mwenye maji kwenye mapafu hana siku mbili za namna hiyo.

Kwa hiyo mwache wakala amalize kusifu K2, kisha muulize haya. Mnabeba oksijeni, na mitungi mingapi? Mna ule mfuko wa shinikizo anaolazwa mgonjwa, na nani anajua kuupampu? Dhamana ya helikopta imeshawekwa? Helikopta za uokoaji kule ni za jeshi. Haziruki kabla malipo hayajadhaminiwa, na hata yakidhaminiwa hazipiti kwenye mawingu. Akijikanyagakanyaga kwenye swali hilo la dhamana, tafuta wakala mwingine. Bima nayo isome mpaka yale maandishi madogo. Zipo nyingi zinazokoma mita 4,000 au 5,000, na wewe utalala usiku kadhaa juu ya mita 4,000, na Gondogoro iko juu ya 5,000.

La pili ni ardhi yenyewe. Ukisikia barafu unawaza weupe. Siku za mwanzo juu ya Baltoro hutauona, utaona kifusi. Mawe ya kila namna, mengine kama ngumi, mengine kama daladala, yamemwagika juu ya barafu na yanasafiri nayo. Jiwe lililokubeba vizuri asubuhi, jioni linacheza, kwa sababu kilicho chini yake kimeyeyuka. Unapanda kilima cha mawe, unakishuka, unapanda kingine, kwa muda wa saa sita hadi nane, kesho tena. Nilipopita kule na wateja wangu wa zamani, hakuna aliyelalamikia pumzi. Walilalamikia vifundo vya miguu na magoti.

Mazoezi yako basi yaelekee huko. Kukimbia Coco Beach ni kuzuri kwa moyo, ila hakumwandai mtu kwa kifusi. Nenda Uluguru, panda na kushuka siku tatu mfululizo ukiwa na kilo nane mgongoni, halafu Jumatatu usikilize magoti yanasemaje. Ninachojali ni ile siku ya tatu. Ya kwanza kila mtu anaiweza.

Na kuna kitu ambacho Uhuru haikukufundisha kabisa: kamba na kramponi, yale meno ya chuma ya kufunga chini ya buti. Kwenye barafu tupu, ufa unauona na unauzunguka. Kwenye barafu iliyofunikwa theluji hauuoni, maana theluji imeuwekea dari. Upande wa juu, mkielekea Gondogoro, ndiko mnakofungwa kamba moja, mwenzako akitumbukia wewe ndiye unayemzuia. Hilo si jambo la kujifunza saa saba usiku kwenye mwanga wa tochi ya kichwani. Na ni usiku kweli: watu hutoka kambi ya Ali kwenye saa sita ili wavuke theluji ikiwa bado ngumu, kabla jua halijailainisha na mawe hayajaanza kuporomoka. Upande wa Hushe mteremko ni mkali, mnashuka mkishikilia kamba zilizofungwa na vijana wa uokoaji wa huko.

Kama mfuko unaruhusu, anzia Rwenzori. Kilele cha Margherita ni mita 5,109; mnavaa hanesi, ile mikanda ya kiunoni ya kufungia kamba, mnafunga kramponi, mnaunganishwa kamba, na waongozaji Wabakonzo watakuonyesha namna ya kuweka mguu. Barafu yake inazidi kupungua, kama yetu. Kilimanjaro ilipoteza takriban asilimia 85 ya eneo lake la barafu kati ya 1912 na 2011. Karakoram, ile safu ya milima ya K2 na Baltoro, wao wamebaki afadhali: sehemu kubwa ya barafu yao haijarudi nyuma kwa kasi ya kwingine, na wataalamu wamelitungia jambo hilo jina lake. Mimi nilipoona barafu inayojaza bonde zima nilinyamaza, maana utotoni mwangu ile ya Kibo ilionekana nene hata ukiwa Moshi mjini.

Ningekuwa wewe ningekwenda. Gondogoro ningeilipia, ila nisingeiahidi nyumbani. Theluji ikianguka nyingi inafungwa, na mnarudi mlikotoka, siku zilezile juu ya kifusi kilekile. Ndege ya Islamabad kwenda Skardu, mji mnaopitia kwenda Askole, nayo huahirishwa wingu likitanda, ndipo mnageukia barabara ya Karakoram kupitia Chilas, safari ya siku mbili kwa kawaida. Ratiba isiyo na siku za akiba uikatae hata kama ni ya bei nafuu.

Nitakuwa mwanamke pekee kwenye kundi la wanaume saba, wiki tatu juu ya barafu. Choo je? Na siku zangu zikinikuta huko? Naona haya kumwuliza kiongozi.
*Msomaji wa kike, Nairobi*

Dada, kabla ya kujibu nimekwenda kuwauliza waongozaji wa kike wa hapa Marangu, kwa hiyo haya ni yao zaidi kuliko yangu.

Hema la choo linakuwepo kambini. Ulizia kama ni moja la watu wote, na omba la pili kabla hujalipa, maana ukishafika Askole hakuna duka la mahema. Njiani, mawe makubwa ni mengi, huwezi kukosa pa kujificha. Mwambie tu mtu aliye nyuma yako kwamba unatoka njiani, usipotee kimyakimya kwenye eneo lenye nyufa.

Kimo, baridi na uchovu huweza kuvuruga tarehe, kwa hiyo beba pedi hata kama hesabu yako inasema hutazihitaji. Zilizotumika zinarudi na wewe, ndani ya mifuko miwili inayofungika. Usizitupe kwenye ufa, maji ya barafu hiyo ndiyo yanayonywewa bondeni. Wenye kutumia kikombe cha hedhi wanasema wazi kwamba maji ndiyo kikwazo. Ya kule ni ya kijivu, yana unga wa mawe uliosagwa na barafu, na unga huo unaziba chujio kwa siku chache. Yaache kwenye ndoo usiku kucha yatulie, uteke ya juu, uyachemshe.

Nguo: suruali pana, shati refu, na mtandio wa kujitanda unapopita vijijini. Usiwapige picha wanawake wa Askole bila ruhusa. Na kiongozi mwulize tu. Anayeona aibu kwa swali hilo hafai kukuongoza.

Mimi ni Mzanzibari niko Muscat. Chakula cha huko ni halali? Na kibla nitajuaje nikiwa barafuni?
*Msomaji, Muscat*

Wabalti, wenyeji wa huko, ni Waislamu, wengi wao wa madhehebu ya Shia na Nurbakhshi, kwa hiyo halali usiwe na shaka. Mbuzi au kuku huletwa wakiwa hai na kuchinjwa kambini. Vinginevyo ni chapati, dengu, wali, na chai. Ya kwao yenyewe ina chumvi, jaribu moja kabla ya kuikataa. Kibla kiko magharibi, ukiinamia kusini kidogo, na Baltoro inateremka kuelekea magharibi, basi ukiangalia inakoteremka umekaribia.

Angalia kalenda lakini. Miaka hii Ashura inaangukia Juni, msimu ndio unafunguka, na wapagazi wengi hupenda siku hiyo iwakute kwao.

Mimi ni mgumu, nabeba mizigo Kilimanjaro. Wenzetu wa huko wanabeba kilo ngapi, na wanalipwaje?
*Kijana wa Machame*

Swali lako ndilo nililolisubiri. Kikomo chao ni kilo 25, sisi wetu ni 20. Hawalipwi kwa siku. Wanalipwa kwa kituo, wao husema parao, na siku moja mnaweza kuvuka parao mbili. Wengi hulala kwenye viboma vya mawe, turubai juu, wamebanana. Wasimamie waliokuajiri wakupe soksi na miwani ya jua. Kule pia wapo wanaovuka theluji bila miwani, na macho yaliyoungua na theluji hayafunguki asubuhi.

Msafara wao huanza mkubwa kuliko wetu, maana unga, mafuta ya taa na chakula cha wiki zote tatu vinatoka Skardu na Askole. Kadiri kinavyoliwa, mizigo inapungua na wapagazi wanarudishwa mmojammoja. Wageni wengi hawalijui hilo, wanatunza bahashishi mpaka Hushe. Mzee wa watu aliyebeba unga mpaka Goro ya Pili hatakuwepo Hushe. Apewe ya kwake pale anapogeukia, mkononi mwake, mbele ya wenzake.