Monita inazimika na kurudi: je, ni kweli mazabodi imekufa?

SWALI

Shikamoo fundi. Mimi ni karani kwenye ghala la dagaa hapa Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Hesabu za magunia naziweka kwenye Excel, na kwa kuwa kioo cha laptopu yangu ni kidogo, nilinunua monita ya mtumba ya inchi 19, ile yenye umbo la karibu mraba. Nyuma ina tundu la bluu, lile la VGA, na tundu jeupe. Laptopu ina tundu la picha la HDMI tu. Kebo ya kwanza niliyouziwa, HDMI upande mmoja na VGA upande wa pili, haikuonyesha chochote. Nikanunua adapta ndogo nyeusi, picha ikaja, lakini kila baada ya dakika kadhaa kioo kinakuwa cheusi kwa sekunde mbili tatu, kisha kinarudi. Jioni ndiyo inazidi. Nimeangalia taa ya monita: inatoka bluu inakuwa rangi ya chungwa, halafu bluu tena. Fundi mmoja ameniambia kadi ya picha imekufa, mazabodi, yaani ubao mkuu wa laptopu, ibadilishwe, na bei aliyotaja inakaribia bei ya laptopu yenyewe. Nifanyeje?

JIBU

Marahaba, mwanangu. Kwanza, hiyo mazabodi asiiguse mtu. Umeandika jambo moja ambalo wateja wangu wengi hawalitazami, nalo ndilo linaloniwezesha kukujibu bila kuiona mashine yako: rangi ya taa.

Taa ya monita ikizimika kabisa, maana yake monita imekosa umeme. Hapo ningekuambia ukague waya wake wa umeme kama umelegea nyuma, au kama umechomekwa ekstensheni moja na friji ya soda ya jirani. Lakini ikigeuka chungwa, umeme upo na monita ni nzima, ila picha haiifikii, basi inajilaza kuisubiri. Yako inageuka chungwa. Kwa hiyo umeme wa ukutani tunauweka pembeni, tunafuata njia ya picha: tundu la laptopu, adapta, kebo ya VGA, tundu la bluu. Katika vipande hivyo vinne, ninayemshuku ni adapta.

Nieleze kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapopoteza pesa. HDMI hutuma picha kama tarakimu. VGA, ambayo kampuni ya kompyuta ya IBM iliitoa mwaka 1987, haijui tarakimu. Yenyewe inasubiri volti inayopanda na kushuka kati ya 0 na 0.7 kwa kila rangi: nyekundu, kijani na bluu. Waya mtupu hauwezi kugeuza kimoja kuwa kingine, hata ukiwa mzuri namna gani. Lazima katikati pawe na chipu ya kutafsiri. Kebo yako ya kwanza bila shaka haikuwa na chipu. Haikuharibika, ila haikuwahi kuwa na uwezo wa kufanya kazi uliyoinunulia. Kama bado una risiti, irudishe dukani.

Adapta yako ina hiyo chipu, ndiyo maana picha ilikuja. Ila chipu inakula umeme, na umeme wake unatoka kwenye pini moja ya HDMI yenye volti 5. Kwa mujibu wa kanuni za HDMI, laptopu inalazimika kutoa miliampea 55 tu kwenye pini hiyo. Laptopu nyingine hutoa zaidi, nyingine hazitoi. Adapta nyingi zinahitaji zaidi ya hapo. Zikibanwa, chipu inaanguka, picha inakatika, chipu inaamka, picha inarudi, na hizo ndizo sekunde zako mbili tatu. Kuhusu jioni, fikiria kwamba adapta hiyo imewaka tangu asubuhi ndani ya ghala la bati, na chipu ikipata joto inazidi kuyumba. Leo kioo kikianza kuwa cheusi, shika adapta kwa mkono. Ikiwa ya moto, ichomoe, iache ipoe robo saa, kisha irudishe. Ukipata nafuu ya muda, mkosaji umeshamjua.

Tazama pia ubavuni mwake. Adapta nyingi zina kitundu kidogo cha USB, kama kile cha simu za zamani. Wauzaji hawakitaji na wanunuzi wanadhani ni pambo. Kimewekwa kwa ajili ya shida hii hii. Chukua waya wa chaja ya simu unaoingia humo, upande wa pili uchomeke kwenye USB ya laptopu, na adapta itakunywa umeme wa kutosha. Kama yako inacho, huenda ukamaliza kazi usiku huu bila kutoa hata shilingi.

Lakini mimi ningekushauri uachane na adapta kabisa, kwa sababu monita yako ina kitu kizuri zaidi: lile tundu jeupe. Hilo ni DVI. Lilitoka mwaka 1999, na HDMI ilipokuja mwishoni mwa 2002 ilijengwa juu ya lugha ile ile ya tarakimu. Ni ndugu wa tumbo moja, mmoja kavaa plagi nyingine. Hivyo kati ya HDMI ya laptopu na DVI ya monita hakuna cha kutafsiri: hakuna chipu, hakuna joto, hakuna njaa ya umeme. Ni waya mtupu, na hapa waya mtupu unatosha. Dukani omba kebo ya HDMI kwenda DVI. Utakuta nyingine zina vijiti 18 upande wa DVI na nyingine 24, zote zitakufaa, kwa sababu hata zile za 18 zinabeba picha hadi nukta 1920 kwa 1200, na monita yako haifiki huko.

Ukishaifunga, usishtuke kioo kikibaki cheusi. Monita hizi za zamani huendelea kusubiri picha kwenye tundu la bluu mpaka uziambie. Bonyeza kitufe cha kuchagua chanzo cha picha, uende kwenye DVI. Kisha kwenye laptopu bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na P, uchague kutandaza, yaani monita iwe meza ya pili, siyo kurudia kile kile cha laptopu. Halafu ingia kwenye mipangilio ya kioo uweke 1280 kwa 1024, ambacho ndicho kipimo cha asili cha monita za inchi 19 za umbo hilo. Kwenye kipimo kingine chochote maandishi yatakuwa na ukungu. Sauti itabaki kwenye laptopu, na hilo ni sawa.

Kwa kazi yako hiyo faida ni kubwa. Kama laptopu yako ni ya 1366 kwa 768, kama zilivyo nyingi ndogo, monita inakuongezea nukta 256 za urefu. Safu mlalo ya kawaida ya Excel ina urefu wa nukta 20, kwa hiyo utaona safu 12 zaidi bila kushuka chini. Kwa mtu anayelinganisha magunia yaliyoingia na yaliyotoka, macho yatapumzika.

Sasa, nisimwonee yule fundi. Zipo laptopu ambazo tundu lake la HDMI limelegea kwenye ubao kwa kuchomekwa na kuchomolewa, nazo hukatakata picha vile vile. Njia ya kujua ni ya bure: beba laptopu uende popote penye televisheni yenye HDMI, uiunge kwa kebo ya kawaida ya HDMI kwa HDMI, ucheze video muda wa saa nzima. Picha ikisimama imara, kadi ni nzima na tundu ni zima, na hapo hakuna mjadala wa mazabodi. Ikikatika, tikisa kebo taratibu kwenye tundu. Kama picha inafuata mkono wako, tundu ndilo bovu, na tundu hubadilishwa peke yake kwa bei ambayo haikaribii ya mazabodi.

Kabla hata ya hapo, mulika tochi ndani ya tundu hilo. Mwaloni kuna unyevu wa ziwa na vumbi la dagaa, na nimeshaona pini zilizoota ukungu wa kijani. Zima laptopu, toa chaja, futa kwa brashi laini iliyoloweshwa spiriti kidogo, acha ikauke vizuri ndipo uwashe. Na ukifunga kazi jioni, funika monita kwa kitambaa ikishapoa. Wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi wanapenda mwanga, na wakiingia kwenye matundu ya nyuma kuwatoa ni lazima kuifungua monita yote.

Anza na televisheni kesho, kisha niandikie kama picha ilisimama imara au ilikatika.