Usiende kwenye Tathmini ukiwa Umepiga Pasi

Juzi msomaji mmoja aliniandikia saa nane za usiku. Ana skizofrenia, ni mwalimu, na alikuwa ametoka kwenye tathmini ya ulemavu akiwa ameambiwa, "Lakini wewe uko sawa tu." Tumbo lilinikata. Mimi pia niliambiwa maneno hayo, karibu neno kwa neno.

Mimi ni mhasibu hapa Kenya. Kwa miaka sita nilikuwa nikikata PAYE, yaani kodi ya mapato inayotolewa kwenye mshahara, ya wenzangu kila mwisho wa mwezi, na wawili kati yao walikuwa na cheti cha msamaha wa kodi kwa watu wenye ulemavu. Mmoja anatumia kiti cha magurudumu, mwingine haoni. Niliijua sheria: mwenye cheti hatozwi kodi ya mapato kwa shilingi 150,000 za kwanza za kila mwezi. Haikunijia hata siku moja kwamba inanihusu, ilhali nina bipola, ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, tangu chuoni na nimelazwa mara tatu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 ilitaja ulemavu wa akili waziwazi, na mimi nilikuwa nimeisoma kwa ajili ya kazi!

Siku ya tathmini ya kwanza, katika hospitali ya serikali ambayo sitaitaja, nilivaa shati nililolipiga pasi mara mbili. Faili langu lilipangwa kwa tarehe. Nikajibu maswali kama mtu aliyekuja kutafuta kazi. Unalala? Nalala. Unafanya kazi? Ndiyo, daktari, na sijawahi kufukuzwa. Akafunga faili, na mimi nikamshukuru. Nilimshukuru! Hasira ilinifika nikiwa tayari ndani ya matatu.

Dada yangu ndiye aliyeniuliza jioni ile, "Ulimwambia kuhusu matairi?" Sikumwambia. Matairi ni hivi: usiku mmoja nilikopa kwa simu mara nne, nikaagiza matairi manne ya gari. Sina gari. Wala sikumwambia kuhusu zile siku tano nisizolala, wala wiki ambazo dada huja kunitoa kitandani na kunisimamia nioge. Miaka yote hii nimejizoeza kuficha, na siku niliyotakiwa kufunua nikaficha vizuri kuliko siku zote.

Basi dada akanunua daftari. Akaandika tarehe, kilichotokea, na nani alinisaidia. Daktari wangu wa akili naye nikamwomba barua mpya, kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa na jina la ugonjwa na la dawa yangu, lithiamu, basi. Ya pili ilisema ninashindwa kufanya nini, mara ngapi, na kwa muda gani. Mara ya pili tukaingia wawili, na niliponyamaza dada akasema. Sikusema uongo hata mmoja, na wewe usiseme. Eleza tu siku mbaya, si siku uliyooga.

Yaliyofuata ni karatasi: usajili kwenye Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, kadi, kisha maombi ya cheti kwenye iTax, mtandao wa mamlaka ya kodi. Huko nilikwama kidogo, maana mwaka niliolazwa sikuwasilisha ritani, ile taarifa ya kodi ya kila mwaka, na faini ya shilingi 2,000 ilikuwa ikinisubiri. Mhasibu mzima! Angalia ritani zako kabla ya kuomba. Na usishangae SHIF, makato ya bima ya afya, ikiendelea kukatwa, msamaha huu ni wa kodi ya mapato.

Mwezi uliopita safu yangu ya PAYE ilisoma sufuri. Niliitazama muda mrefu. Halafu mwenzangu mmoja akauliza mbele ya watu, "Sasa wewe ulemavu wako uko wapi?" Nilicheka pamoja nao. Bado linaniuma, na ndiyo sababu nayaandika haya kwa sauti ya juu kuliko nilivyokusudia. Ndugu zangu, tunameza dawa kwa siri, tunalipa kliniki kwa siri, halafu haki iliyoandikwa kwenye sheria tunaiona aibu kuidai. Nani alituambia ulemavu lazima uonekane kutoka ng'ambo ya barabara? Asiye na kazi, na ambaye ugonjwa umemfanya ategemee mtu wa kumtunza wakati wote, familia yake iulize kuhusu Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa fedha wasiojiweza. Shilingi 2,000 kwa mwezi ni kidogo, najua. Ulizeni hata hivyo.

Kwa wewe mwalimu: rudi. Nenda na mtu aliyekuona ukiwa hoi, mpe ruhusa ya kukukatiza, na barua ya daktari iseme unachoshindwa. Usijipambe.

Cheti changu kina tarehe ya mwisho, nitalazimika kuomba tena. Dada ameshafungua daftari la pili. Jana nilichungulia: ameandika kwamba nilikula mara moja tu, na nilikuwa nimemwambia nimekula vizuri.